Nyekundu Isiyofanana

Harufu ya miyaa ikichemka na rangi huanza kama harufu ya mahindi ya kuchemsha. Ukishaanza kuitamani inageuka ghafla, inakuwa kali kama chuma kilichonyeshewa mvua, na ukikaa karibu na sufuria macho yanatoa machozi. Wiki iliyopita jirani yangu, mama mmoja anayefuma vikapu vya kuuza, alichemsha rangi uani kwetu hapa Arua. Mvuke ulipita chini ya mlango wangu ukanikuta mezani, naandika sura ya kwanza ya kitabu changu.

Niwaambie ukweli mapema, maana ninyi mnaosoma ndio watu wangu wa siri. Sura hiyo ya kwanza naiandika tangu nilipomaliza shule. Kwenye simu yangu ina majina mengi. Kuna Sura ya Kwanza, kuna Sura ya Kwanza Mpya, kuna Sura ya Kwanza Mpya Kabisa, na moja inaitwa Sura ya Kwanza Ya Mwisho Usiguse, ambayo nimeigusa. Sura ya pili haipo. Ukutani nina ratiba niliyoichora kwa kalamu za rangi, kila rangi na kazi yake, na ratiba yenyewe nimeichora upya mara nyingi kuliko nilivyoifuata. Hakuna aliyenifundisha kuandika. Hata Kiswahili hiki nimekiokota redioni na katika vitabu vya kuazima, kwa sababu kile cha kwetu West Nile ni cha sokoni na cha kambi ya askari, hakina habari na ngeli. Labda hofu yangu inatoka huko. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia, basi, inatosha, weka kalamu chini.

Nilipoivuta harufu ile nilikasirika. Nilijua inakonipeleka: barazani kwa shangazi Mastula, mwaka ule dada yangu Hawa alipoposwa na mtu wa Koboko.

Hawa ndiye aliyenilea. Mama yetu alifanya biashara ya vitenge, leo Ariwara, kesho Juba, na aliporudi nyumbani alikuwa amechoka kiasi cha kutuita kwa majina ya kubahatisha. Hawa ndiye aliyejua kwamba siwezi kula kisra, ule mkate wetu mwembamba, ikiwa imechanika. Ndiye aliyejua kwamba kabla ya kulala lazima viatu vyangu vikae sambamba, ncha kwa ncha, la sivyo ningeamka kuvipanga. Aliniona kero, na alisema hivyo wazi, "We mtoto ni kero," lakini kisra yangu ilikuja nzima.

Kwetu Wanubi, bibi harusi anapohamia kwa mumewe chakula humtangulia. Masinia hubebwa na wasichana, na kila sinia hufunikwa kwa tabaga, kifuniko cha duara cha miyaa ya rangi kinachoinuka katikati kama kofia pana. Katika ukoo wetu kulikuwa na desturi moja zaidi. Sinia la bibi harusi mwenyewe, litakalofunguliwa mbele ya wakwe, hubebwa na msichana wa nyumbani kwao, chini ya tabaga aliyoifuma kwa mikono yake. Tabaga hiyo hairudi siku ile ile, na msichana naye harudi. Anabaki na bibi harusi juma zima la kwanza, mpaka kifuniko kirudishwe kwao na kitu kizuri chini yake. Asiyemaliza tabaga hapandi lori la harusi.

Hawa aliniambia akinisuka nywele, akivuta kama anayeng'oa mihogo. "Ziza, sinia yangu utabeba wewe. Umesikia? Si mwingine."

Nilisikia. Na kichwani mwangu nikaona gauni jipya, nyama kila siku, godoro jipya bado na karatasi zake, na watu wa Koboko wakiulizana nani huyo aliyefuma tabaga hii, mbona haina hata kosa moja. Nilikuwa mtoto. Sikuona kitu kingine zaidi ya hapo.

Baraza la shangazi Mastula lilikuwa na watu kila siku baada ya sala ya adhuhuri, jua likiwa limeegemea upande wa pili wa nyumba. Wanawake walikaa chini kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, kila mmoja na kazi yake mapajani na kopo la maji pembeni la kulowesha miyaa. Miyaa yetu ilikuwa majani ya mvumo yaliyochanwa nyembamba, yanayoletwa sokoni kutoka upande wa Nile. Unachukua kifungu cha nyasi kavu, unakizungusha, na unakishona kwa miyaa juu ya mzunguko uliotangulia, kwa sindano nene, mzunguko baada ya mzunguko, kutoka kitovuni kwenda nje. Miezi inapita. Hapakuwa na njia ya mkato, na hapakuwa na mtu aliyezungumza juu ya bidii. Walizungumza juu ya waume za watu.

Lugha ya barazani ilikuwa Kiswahili, kwa ajili ya Mama Ezati. Mama Ezati alikuwa Mlugbara kutoka Pajulu, Mkristo, mwuza karanga, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kikohozi, na aliingia barazani siku moja kukwepa mvua akaamua naye atajifunza tabaga. Hakujua Kinubi. Basi sote tukahamia Kiswahili, kila mtu na chake.

Shangazi Mastula mwenyewe alikuwa mtu wa hasira za karibu. Alipenda mpira kuliko wanaume wengi wa mtaa, na vijana wa Onduparaka walipofungwa hakuna aliyemwomba hata chumvi. Alishona bila kutazama mikono, masikio yakiwa redioni, na aliposikia upuuzi aliunyooshea sindano.

Siku yangu ya kwanza barazani nilipanga. Nilitandika kitambaa cheupe. Nilitenga miyaa ya rangi mbalimbali, kisha katika kila rangi nikatenga mirefu, ya kati na mifupi. Niliosha sindano kwa sabuni. Nilichagua nyasi zenye unene mmoja na zilizobaki nikazirudisha. Adhana ya alasiri ilinikuta sijashona hata pindo moja, lakini kitambaa changu kilikuwa kizuri kutazama, na nilijisikia mtu aliyefanya kazi kubwa.

Siku ya pili nilipanga tena, kwa sababu mtu alikuwa amevuruga vitu vyangu.

"Wewe Aziza," shangazi alisema bila kugeuza kichwa. "Watoto yote iko na shona. Wewe iko na fungua duka?"

Zamzam, binti wa mjomba, rika langu, alikuwa tayari na kitu cha upana wa kiganja. Kitovu chake kilikuwa kimekaa upande kama jicho lililopigwa. Rangi zake zilifuatana kama watu wanaokimbia moto. "Shikamoo mwenye duka," alinidhihaki. "Kijani bei gani leo?"

"Bora duka kuliko hiyo takataka yako. Tabaga gani ina kengeza?"

"Ina kengeza lakini inatembea. Yako haijazaliwa."

Nilianza siku hiyo, kwa hasira. Kitovu ndicho kigumu kuliko vyote. Unafunga fundo dogo, unalizungushia nyasi, na mizunguko ya kwanza ni midogo kiasi kwamba kidole kinaizuia kuonekana. Changu kilitoka na kijitundu kidogo, tundu la kupitisha punje ya mtama labda. Nikafumua. Cha pili kilitoka na uvimbe. Nikafumua. Cha tatu sikumbuki kilikosa nini, nakumbuka tu furaha mbaya ya kukata miyaa na kusema, sasa naanza vizuri.

Shangazi alikuwa na msemo wake: "Mtoto ukishazaa hurudishi tumboni, hata kama ana masikio makubwa." Alinitupia msemo huo kila alipoona nafumua. Nami, mtoto mwenye mdomo, nilimjibu kwa ule wa darasani kwamba haraka haraka haina baraka.

"Na ngoja ngoja?" aliuliza.

Nikajifanya natafuta sindano.

"Sema. Mwalimu hakufundisha hiyo ingine? Ngoja ngoja inaumiza tumbo. Shona!"

Barazani kulikuwa na kanuni: mzunguko ukifungwa umefungwa, haufumuliwi. Niliidhani kanuni ya wavivu. Basi nikawa nafumua nyumbani, nyuma ya jiko, na kesho yake nafika na kitu kidogo kuliko jana. Mama Ezati alikitazama, akaniuliza kwa upole kama tabaga yangu inaugua.

Aliyenivusha alikuwa Hawa. Alianza kuja barazani na mbilimbi zake za kula na chumvi, akakaa nyuma yangu mgongo kwa mgongo, akishona mapazia ya nyumba yake mpya. Hakutazama kazi yangu. Aliongea tu. Aliniambia habari za Koboko, kwamba mama mkwe wake ni mwanamke mkimya, kwamba nyumba ina mlango wa bati unaolia, kwamba hajui mtu hata mmoja katika mtaa ule. Mimi nilikuwa nasikiliza nusu, mikono ikienda. Nilipokuja kushtuka tabaga yangu ilikuwa imefika upana wa sahani, na katikati imeinuka kama inavyotakiwa. Kijani, nyeusi, nyekundu, rangi ya miyaa yenyewe, kisha tena. Hata shangazi aliinua kope. Ilikuwa nzuri, nawaapia. Mpaka leo sijafanya kitu kizuri kama mizunguko ile, na hilo nalisema bila majivuno, nalisema kwa uchungu.

Rangi tulichemsha kwa pamoja, sufuria moja kubwa uani kwa shangazi, kila mtu akitumbukiza fungu lake. Harusi ilipokaribia, nyekundu iliisha. Tulikuwa katika kiangazi, vumbi limetanda juu ya Arua na miyaa inakauka mkononi kabla ya kuishona. Shangazi alinunua unga mwingine wa rangi kwa mfanyabiashara mwingine, tukachemsha, tukatumbukiza. Ilitoka nyekundu. Wote walisema ni nyekundu. Walishona wakaendelea na habari za mke wa imamu.

Nami nilishona. Ulikuwa mzunguko wangu mpana wa mwisho, karibu na ukingo, na nilipoufunga shangazi alichukua tabaga yangu, akaiweka juu ya sinia la Hawa. Ilifunika vizuri, ikazidi kidogo. Akanirudishia.

"Funga mdomo yake," alisema, akimaanisha ukingo. "Kesho, kesho kutwa, imekwisha. Umefanya kazi, mtoto."

Hakuwa mtu wa sifa. Ningepaswa kukimbia na sifa ile kama mwizi wa kuku. Badala yake niliinua tabaga juani, nikaona. Nyekundu ya nje haikufanana na nyekundu ya ndani. Ya ndani ilikuwa ya damu, ya nje ilikuwa ya nyanya iliyoiva vibaya. Nikageuza huku na huku. Nikaiweka kivulini, nikafinya macho. Kila nilipotazama, kitu chote kilipotea na kubaki ile tofauti, kama mtu mwenye jino moja jeusi, akicheka humwoni, unaona jino.

Adhana ya alasiri iliita. Wanawake waliinuka kwenda kutawadha. Barazani tulibaki mimi na Mama Ezati, ambaye sala yake ilikuwa ya Jumapili. Nikachukua wembe.

"Binti," alisema baada ya muda. "Wewe iko fanya nini?"

"Narekebisha."

"Unarekebisha na wembe?"

"Hii nyekundu haifanani na ile."

Aliweka kazi yake chini. Alisogea kwa makalio mpaka karibu yangu, akatazama. Alitazama kwa bidii kweli, mama wa watu, alitaka kuliona jino langu jeusi. "Mimi naona nyekundu," alisema. "Huku nyekundu, na huku nyekundu."

"Huku ni ya damu. Huku ni ya nyanya."

"Sasa inzi iko jua nyanya?" Akacheka kikohozi chake. "Binti, hii kitu ni ya kukataza inzi. Inzi ikifika hapo itasema, ah, nyekundu haifanani, twende ndani?"

Sikucheka. Nilikuwa nimeshakata. Mzunguko wa mwisho ulitoka, na kwa kuwa nyasi za ndani zimeungana, uliokuwa chini yake ukalegea, nikaona afadhali niutoe nao, nianzie mahali imara. Kisha nikaona kwamba nikipata nyekundu ya damu mahali fulani itabidi ya ndani nayo ibadilishwe ili zilingane kabisa. Wanawake waliporudi, mikono bado ina maji ya udhu, tabaga yangu ilikuwa kubwa kuliko sahani ya kikombe kwa kiasi kidogo, na kuizunguka kulikuwa na miyaa iliyojikunja kama kucha za ndege.

Nilitarajia shangazi aninyooshee sindano. Alikaa. Alichukua mwaa mmoja uliofumuliwa, akajaribu kuunyoosha, ukakatika. Akachukua mwingine, ukakatika.

"Miyaa ikishapindwa, imepindwa," alisema. "Kiangazi hii, utapata ingine wapi?"

"Nitapata. Nitashona haraka."

"Wewe? Haraka?" Akafungua redio, akaizima tena. "Ee Mungu. Hii mtoto."

Zamzam hakunidhihaki siku hiyo. Hilo ndilo lililonitisha.

Sikuacha. Ningependa mjue kwamba sikuacha. Nilishona asubuhi kabla ya shule, nilishona nikichunga maziwa jikoni, nililowesha miyaa mizee usiku kucha katika beseni nikidhani itasahau umbo lake. Vidole vilipasuka. Lakini miyaa mipya haikufika sokoni na ile ya zamani ilikatika, na kila ilipokatika palibaki kinundu kidogo, na kila nilipoona kinundu mkono wangu ulienda wenyewe kwenye wembe. Hawa aliniomba nisishike tena wembe. Aliuficha. Nikatumia meno.

Siku ya harusi uani kulijaa moshi na wanawake. Hawa alikuwa ndani, katika chumba chenye harufu ya ubani na moshi wa dukhani, ule wa kuni anaofukiziwa bibi harusi, uliomkausha ngozi ikang'aa. Aliniita. Alikuwa amevaa gurbaba mpya, nguo yetu ya kujifunga, na hina ilikuwa imefika juu ya vifundo vya miguu, na sikuizoea sura yake, ilikuwa kama sura ya mtu aliyekopa uso wa dada yangu.

"Lete nione."

Nilimpa. Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya hina. Aliigeuza, akatazama kitovu, akapitisha kidole kwenye mizunguko.

"Ni nzuri," alisema. "Ni nzuri sana, Ziza. Itafunika nini?"

"Yai," nilisema.

Alicheka. Alicheka mpaka yule mama aliyekuwa akimtengeneza akamkemea kwamba wanja utaharibika, kisha wanja ukaharibika kweli, kwa sababu kicheko kiligeuka katikati ya njia. Nilidhani analia kwa ajili ya aibu niliyomtia mbele ya wakwe. Nikamwambia nitaimaliza. Nikamwambia nitaileta Koboko mwenyewe, na itakuwa haina kosa, ataona.

"Mwambie shangazi akuruhusu upande tu," alisema. "Beba sahani. Beba kijiko. Mwambie nimesema mimi."

Nilikwenda kumwambia. Shangazi Mastula alikuwa juu ya lori akipanga masinia, na nilipomfikishia maneno ya Hawa aliinua sinia moja akalirudisha pale pale, na nadhani, sasa nadhani, kwamba alikuwa akitafuta njia. Mama yangu pia alikuwa pale, amerudi kutoka Juba jana yake, akamtazama shangazi. Lakini mimi ndiye niliyesema, kabla hawajafungua mdomo, "Hapana. Siendi na hii. Watu watacheka."

Sinia la dada yangu lilibebwa na Zamzam, chini ya tabaga yenye kengeza. Lori liliondoka na vigelegele kuelekea barabara ya Koboko, vumbi likasimama hewani muda mrefu baada yake. Mimi nilibaki kulinda masufuria pamoja na bibi mmoja aliyesinzia. Nikafumua tabaga mpaka kitovu.

Siku ya tatu Zamzam alirudishwa. Alikuwa amelia usiku na mchana akimtaka mama yake, hata wakwe wakasema mtoto atawaugulia, wakamweka kwenye gari la watu wanaokuja Arua. Nawaambia kama ilivyokuwa: nilifurahi. Nilimngoja getini nikamwuliza kama ile nyama ilikuwa tamu.

Tangu hapo niliishi na neno moja: nikimaliza. Nikimaliza nitakwenda Koboko. Si mbali, asubuhi unaondoka na adhuhuri umekaa kwa mtu. Lakini nilimwahidi nitafika na tabaga, na nitafikaje mikono mitupu? Idi ilipita. Alijifungua mtoto wa kwanza, wote wakaenda, mimi nikasema nina mtihani, nikabaki nashona. Wa pili nikabaki nasoma jinsi ya kushona, maana wakati huo nilikuwa na simu. Kidogo kidogo tabaga ikaachwa ikawa kitabu, kitabu hiki, kitabu cha wanawake wa baraza letu, na ndani ya moyo wangu nilimwahidi yeye tena: nikimaliza nitampelekea Hawa akisome wa kwanza. Nilipanga ratiba. Nilinunua kalamu za rangi.

Harufu ya wiki iliyopita ilinitoa mezani. Sikuwa na mpango, na mimi siendi mahali bila mpango. Nilifunga mlango nikaenda Koboko nikiwa na mkate mmoja nilioununua njiani, umebonyea.

Hawa amenenepa. Mlango wa bati bado unalia. Alikuwa kibarazani akichambua mchele, aliponiona hakuinuka, alisogeza ungo tu upande mmoja nami nikakaa upande wa pili tukachambua wote. Watoto wake walinisalimia kama wanavyomsalimia mgeni, mikono miwili. Nilimwambia kitabu hakijaisha. Hakuniuliza kitabu gani. Nikamwambia na tabaga ile pia.

"Tabaga ipi?"

Nilimkumbusha. Alifikiri kidogo. Hakuwa akinitania, alikuwa akitafuta kweli.

"Aa," alisema. "Ile." Akapuliza makapi. "Zamzam alilia sana, maskini. Nikawaambia wamrudishe. Alikuwa mtoto, mimi si dada yake. Halafu nikabaki. Mama mkwe haongei, mume yuko dukani, wanawake wanakuja kunitazama kama wananunua mbuzi. Juma lile, Ziza."

Kokoto moja ilinishinda kuiokota, ikawa inateleza.

"Wewe usingelia," alisema. "Wewe ungefika humu ndani ungeanza kupanga vyombo vyangu. Vikombe huku, sahani huku. Ungenikera mpaka nikupige. Nilikuwa nakaa hapo ndani nawaza, kama Ziza angekuwepo sasa hivi ningekuwa nagombana na mtu."

Nilikuwa nimefikiri, miaka yote, kwamba watu wazima walitunga desturi ile ili kuonyesha ufundi wa mabinti zao. Kumbe wanawake wa ukoo wetu, ambao kila mmoja wao alishapelekwa siku moja katika nyumba ya wageni, walitafuta sababu ya heshima ya kumwingizia bibi harusi mtu wake mmoja. Hawangeweza kuwaambia wakwe, tunaleta mtoto akae naye kwa sababu ataogopa. Wakasema, tabaga hii ina mwenyewe, na mwenyewe atangoja irudi. Shangazi alilijua. Mama alilijua, na ndiyo maana alimtazama shangazi vile pale kwenye lori. Hata Mama Ezati, nadhani, alilijua. Mimi nilikuwa na macho makali ya kuona nyekundu mbili ambazo hakuna mwingine aliyeziona, na sikumwona dada yangu akiogopa, miezi yote ile, mgongo wake ukiwa umegusa wangu.

Ningependa kuwaambia kwamba nimepona. Nilirudi Arua nikafungua sura ya kwanza, nikabadilisha sentensi ya kwanza, nikajichukia, nikaifunga simu. Ijumaa ninakwenda tena Koboko. Hawa amesema kabati lake la vyombo ni vurugu tupu, haoni pa kuanzia.